Nguzo ya Pikapu ya Mkunga

Shemeji yangu hakupenda mtu agonge kazi yake. Ukija bandani kwetu ukakunja kidole na kutaka kugonga ubavu wa gari alilolimaliza, alikutazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyefunua sufuria bila kukaribishwa. Sisi wengine, yaani fundi umeme, fundi breki na mimi mshona viti, tulikuwa tumeshaigeuza chuki yake hiyo kuwa sheria ya banda: kazi ya mwenzio haigongwi. Sababu kila mmoja aliijua. Bati zima ukiligonga kwa kifundo cha kidole, linalia. Bati lililooza likajazwa pati, ule udongo wa kopo unaokauka ukawa mgumu, halilii. Linajibu kwa sauti ya kabati lililoshindiliwa nguo. Kugonga kazi ya fundi bodi kwetu kulikuwa sawa na kumwambia mtu apanue mdomo umnuse.

Tuliiita hiyo adabu. Mimi mwenyewe niliwafokea wateja wawili watatu kwa ajili yake, na nikajiona mtu wa heshima.

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti. Mtaani alikuwa Laini. Alijifunza kazi kwa mjomba wake, aliyekuwa fundi majeneza kabla ya kuhamia kwenye magari, na nadhani ndiko alikotoa imani kwamba kitu kikishang'aa nje, wa ndani hana tena la kulalamika. Alivaa shati jeupe kazini, na jioni shati lilikuwa bado jeupe. Kila gari alilimaliza kwa njia moja: alifumba macho, akapitisha kiganja kutoka taa ya mbele mpaka taa ya nyuma, polepole, na kiganja kikikwama hata penye upana wa punje ya mchele, alirudi kwenye msasa. "Jicho linahongeka," alikuwa akisema. "Mkono hauhongeki." Tulicheka, tukaamini, na watu walileta magari kutoka miji mingine ili yapitiwe na mkono huo.

Nilimpenda, sikatai. Nilipomwoa mdogo wake wa mwisho nilikuwa na gari dogo la kijivu lililoliwa na kutu hadi unaiona barabara ukiwa umekaa kiti cha nyuma. Laini alilichukua wiki mbili, akalirudisha kama limetoka kiwandani jana, akakataa kupokea chochote. "Hiyo ni zawadi yangu ya harusi, shemeji," alisema. "Mbebe mdogo wangu vizuri." Kisha akanipa kona ya banda lake niweke cherehani yangu. Miaka sita nilikula kwa kona hiyo.

Sasa nianze na Jumatano ile, maana ndiyo iliyotufikisha hapa.

Mkunga alikuja na pikapu yake kabla hatujamaliza kufagia. Ni mama mfupi, ana saa kubwa aliyoibandika kifuani, na huongea kana kwamba kuna mtoto anazaliwa chumba cha pili. Pikapu ilikuwa imemzidi umri. Aliirithi kwa baba yake: ya kijani cha maji, kiti kimoja kirefu mbele, pua ya mviringo, na rangi iliyong'aa mpaka ukaweza kunyolea ndevu mbele yake. Rangi hiyo ilikuwa kazi ya Laini, ya miaka kumi na moja nyuma. Kila alipoipita barabarani alipunguza mwendo wa baiskeli aitazame.

"Fundi, nataka mikanda," mkunga alisema. "Ile ya kupita begani. Hii ya kiunoni imeshakuwa kamba ya nguo."

Akatueleza. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa wa figo. Kila Jumanne na Ijumaa alimshusha kwenye hospitali iliyoko chini ya mteremko, kwenye mashine ya kusafishia damu. Mteremko huo una kona nyingi, na sisi wote tuna mtu tuliyemzika kwa sababu yake. Bibi alikuwa mwepesi, hana nyama ya kumshikilia kitini, kwa hiyo njia nzima alikamata kishikio cha dashibodi kwa mikono miwili. Alifika hospitali mikono inatetemeka, mishipa imejificha, wauguzi wanamchoma mara tano hawapati. Mkunga naye aliendesha kwa kutambaa, malori yanampigia honi nyuma, na mara mbili walifika mashine imeshapewa mgonjwa mwingine. Ijumaa iliyopita ng'ombe alikatiza njia. Mkunga alifunga breki, na mama yake akateleza chini ya mkanda mpaka sakafuni.

"Nilimkuta amejikunja kule chini kama nguo iliyoanguka," alisema. Sauti ilimpotea kidogo, akaitafuta, akaipata. "Ijumaa hii nataka ashuke amefungwa. Mikanda hii hapa, mipya. Wewe ndiye uliyeifufua hii gari, sitaki mwingine aiguse."

Laini aliupokea mfuko kwa mikono miwili. "Ijumaa saa nne itakuwa tayari, dada."

Mkanda wa begani una sehemu tatu za kushikia. Mbili ziko chini, kando ya kiti, na sakafu ya pikapu ile ilikuwa nzima. Laini alizimaliza siku hiyo hiyo huku akipiga mluzi. Ya tatu iko juu, kwenye nguzo iliyo nyuma ya mlango, usawa wa bega. Hiyo ndiyo inayomshika mtu asiende mbele. Inatakiwa itobolewe, ichomelewe kipande cha chuma kinene kwa ndani, kisha bolti ikae hapo. Ni kazi ya nusu siku, kama nguzo ni nguzo.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nimekitoa kile kiti kirefu, nimekaa chini nabadilisha sponji, hatua tatu kutoka kwake. Chuma kikitobolewa hutoa nyuzi ndefu zinazojikunja na kumeta. Nilisikia drili ikiingia kirahisi mno. Nikainua macho. Kilichokuwa kinaanguka kwenye viatu vya Laini kilikuwa unga, mweupe unaokaribia waridi.

Alizima drili. Akatoboa tena vidole vinne juu. Unga. Akatoboa chini. Unga. Akahamia nguzo ya upande wa dereva, na huko nako ukamwagika unga. Kisha akageuka kuona kama nimeona, nami nikainamia sindano yangu kama mwanamwali. Banda zima lilikuwa na kelele za watu wa kazi, lakini naapa nilikuwa naisikia pumzi yake.

Alipuliza unga sakafuni, akaja kuchuchumaa karibu nami.

"Shemeji."

"Nimeona."

"Nguzo zote mbili nilizijaza mimi. Zilikuwa zimeoza, zimebaki ganda. Baba yake alitaka ing'ae kwa ajili ya sherehe yake ya kustaafu, alinipa siku nne. Nikaweka wavu wa kuku, nikajaza pati." Alijifuta mdomo. "Nguzo ile haikuwa na kazi ila kuonekana. Nani angejua siku moja itakuja kutundikwa mtu?"

"Basi mwambie mwenye gari. Ukate, uchomelee chuma kipya."

"Hiyo ni wiki mbili. Kesho mama yake anashuka."

"Atakodi gari jingine."

"Na mimi nitaitwa nani?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Watu thelathini mtaani wana magari niliyoyapitishia mkono. Nikimkatia nguzo mmoja mbele za watu, kesho thelathini wanasimama hapo mlangoni, kila mtu na kidole chake."

Akasogea karibu zaidi.

"Hebu sikiliza. Huyu bibi amepanda gari hili miaka yote bila mkanda wa begani. Nikimfungia unaoshika kidogo, amepungukiwa nini? Kidogo si afadhali kuliko hakuna?"

Nilitafuta kosa katika maneno hayo, sikuliona, na ndilo lililonikera. Nilijua kuwa limo. Lakini nilikuwa na mke ambaye ni mdogo wake, watoto wawili wanaomwita mjomba, na kona niliyopewa bure. Na yule bibi hakuwa mama yangu. Nalisema hilo wazi kwa sababu nililiwaza wazi. Nikanyamaza, akachukua kunyamaza kwangu kama jibu.

Akatia bolti ndefu na bamba pana kwa nyuma, akaizungushia pati mpya, akasubiri ikauke, akapiga msasa, akapaka rangi. Akaniomba nishone kifuniko cha kuificha bolti. Nilikata ngozi bandia nyeusi, nikaishona mara mbili ukingoni, nikaweka na sponji laini ili isimkwaruze bibi sikioni. Niliishona vizuri sana. Katika yote ya siku ile, hilo ndilo linalonichoma kuliko jingine lolote.

Mchana hakula. Alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akanawa kwa sabuni, baada ya dakika chache akarudi kunawa tena. Fundi breki akamtania, "Laini, unataka kutoa mpaka ngozi?" Hakucheka. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, gari lilimalizika bila yeye kufumba macho na kulipitishia kiganja.

Ijumaa asubuhi mke wangu aliwachukua watoto kwenda kwa bibi yao, mama mkwe wangu, anayeishi ng'ambo ya mteremko. Niliwafunga mikanda mwenyewe kwenye kiti cha nyuma cha lile gari la kijivu, nikavuta mpaka mkubwa akalalamika. "Baba, unanibana!" Nikamwambia kubanwa ndiko kupona, nikajicheka kwa kusema kama mkunga.

Saa nne mkunga alifika kwa miguu, amemshika mama yake kwapani. Aliizunguka pikapu mara moja, akafungua mlango, akaona kifuniko changu, akafurahi. Kisha akakunja kidole na kukipeleka kwenye nguzo. Laini alimdaka mkono hewani.

"Rangi bado haijakauka, dada."

"Pole, fundi. Mimi na mikono yangu!"

Nilikuwa na uzi mdomoni. Nikautafuna.

Laini mwenyewe ndiye aliyempandisha bibi. Alimpitishia mkanda begani, akauweka sawa, akabonyeza kifungio mpaka kikalia. Bibi alikuwa tayari amekamata kishikio cha dashibodi kwa mikono yote miwili, kwa mazoea. Mikono yenyewe ilikuwa na madoa ya sindano kutoka kiwiko mpaka kiganjani.

"Sasa huu utanishika, mwanangu?"

"Utakushika, mama."

"Hata nikisinzia?"

"Hata ukisinzia."

Bibi akacheka, meno machache, akamgeukia binti yake. "Basi leo nitalala njiani kama mtoto." Akaachia kishikio. Kidole kimoja kimoja kilifunguka, mikono ikashuka, ikakaa mapajani imelegea. Mkunga aliitazama mikono hiyo, macho yakamjaa. Akawasha gari. "Leo hakuna kutambaa," alisema. "Leo tunawahi mashine."

Hapo ndipo kosa nililolitafuta siku nzima likaja na kusimama mbele yangu. Bila mkanda, bibi yule alikuwa na mikono yake miwili, na binti yake alikuwa na woga wake. Tulikuwa tumewanyang'anya vyote viwili, tukawapa unga.

Nilimtazama Laini. Uso wake ulikuwa umekauka. Pikapu ilitoka bandani, ikafika langoni, ikawasha taa ya kukata kulia. Na Laini, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia hata mvua, alikimbia. Aliwapita, akasimama mbele yao, viganja viwili juu ya boneti.

"Mshushe mama."

"Kuna nini?" mkunga aliuliza.

"Mshushe kwanza, dada, nakuomba. Nimesahau kuijaribu."

Nilimshusha bibi mimi, nikamshikilia kando ya barabara. Alikuwa mwepesi kama koti. Laini alipanda akakaa pale alipokuwa amekaa bibi, akajifunga mkanda, akaweka mikono mapajani.

"Nenda mpaka ile nguzo ya umeme. Tia gia ya tatu. Ukifika pale funga breki kama umeona mtoto njiani."

"Fundi, wewe hujambo kweli?"

"Nenda, dada."

Ningeweza kupiga kelele. Nilikuwa najua yote anayoyajua yeye. Lakini nilielewa pia kwamba lile jambo lilikuwa halitoki mdomoni mwake, na kwamba alikuwa ameamua litoke kwa njia nyingine. Bibi aliniuliza kwa upole, "Ndivyo wanavyojaribu?" Nikamwambia ndivyo.

Pikapu ilikwenda. Ikashika mwendo. Ikafika kwenye nguzo ya umeme, matairi yakalia, nyuma ikanyanyuka kidogo. Kisha ukasikika mlio ambao haukuwa mkubwa hata kidogo, kama sahani iliyodondoka kwenye beseni la maji.

Nilipofika, mkunga alikuwa ameshafungua mlango. Unga ulikuwa umemjaa kwenye nywele na kwenye ile saa ya kifuani. Mkanda ulikuwa bado umepita begani kwa Laini, umelegea, na mwishoni mwake ilining'inia bolti ikiwa ndani ya kifuniko changu cheusi, pamoja na bonge la pati ukubwa wa ngumi lenye wavu wa kuku ndani yake. Shati jeupe lilikuwa jekundu mbele. Meno mawili yalikuwa juu ya dashibodi.

Mkunga alianza na kazi yake. Alimpapasa taya, akamfungua mdomo, akamwekea kitambaa, akamwambia aume. Baada ya hapo ndipo alipogeukia nguzo ya mlango. Aliingiza vidole vinne kwenye tundu, akavizungusha humo, akavitoa na kutu.

"Tangu lini?"

"Tangu enzi za baba yako," Laini alisema ndani ya kitambaa.

"Na jana ulijua?"

"Jana nilijua."

Aliokota kile kifuniko, akakigeuza, akaangalia mishono. Kisha akaniangalia mimi. Hakuniuliza kitu, na ningempa chochote anitukane.

Fundi breki aliwapeleka hospitali kwa gari lake. Mkunga alimpandisha mama yake, akamwona akikamata mlango kwa mikono miwili, akafunga. Halafu akarudi kwa Laini aliyekuwa amekaa ukingoni mwa barabara, akamwuliza kwa sauti tulivu, ile anayoitumia, nadhani, mama anapovuja damu na yeye anataka kujua ni kiasi gani.

"Mengine ni mangapi?"

Alipoondoka, Laini alianza kutaja. Mimi niliandika kwenye kipande cha boksi. Gari la mwoka mikate, nguzo ya kulia. Basi dogo la shule, chini ya mlango. Teksi mbili. Gari la mchungaji, sakafu yote. Alikuwa anataja akiwa amefumba macho, kiganja kinapita hewani, na nikajua anayapapasa moja moja kama yalivyokuwa siku alipoyamaliza. Watu waliokusanyika walikuwa wakimcheka mwanzoni. Walipoanza kusikia magari yao wakaacha. Orodha ilifika kumi na tisa. Mawili kati yake hatujayapata hadi leo, na nikisikia kuna ajali kule mteremkoni, huwa nauliza rangi ya gari kabla ya kuuliza watu.

Lile la kumi na nane likawa la fundi umeme mwenyewe. Kisha Laini alifungua macho, akanitazama, kiganja kikabaki hewani.

"Shemeji," alisema. "Lenu leo liko wapi?"

Simu ya mke wangu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Mteremkoni huwa hapokei, mikono yote iko kwenye usukani. Nikamwuliza Laini ni wapi, sehemu gani, nikamshika kola ya lile shati na kumtikisa. Alipeleka mkono nyuma ya nyonga yake, pale chini mkanda wa kiti cha nyuma unaposhika.

Mara ya tatu alipokea. "Tumefika zamani, mbona? Watoto wanakula. Unahema nini?"

Nilimwambia asiliguse gari. Nilichukua pikipiki ya fundi umeme, Laini akapanda nyuma yangu na kitambaa chake mdomoni, tukashuka mteremko wote. Tulipofika watoto walimkimbilia, "Mjomba! Mjomba, umepigana?" akawapita kama hawasikii. Alifungua mlango wa nyuma wa lile gari la kijivu, akainua kiti, akajiweka kando.

"Gonga," aliniambia.

Nilipiga magoti. Rangi pale ilikuwa bado safi, laini, hata mimi nisingejua inapoanzia. Nilikunja kidole changu, nikakipeleka kwenye kazi ya mwenzangu kwa mara ya kwanza maishani, na nikagonga.

Halikulia. Nikasogeza kidole, nikagonga tena, nikagonga kila mahali ambapo mkanda ulikuwa umeshikilia. Miaka yote ile nilikuwa nimewafunga watoto wangu kwenye sauti ile, na kila asubuhi nilivuta kuhakikisha imekaza.